Gundi ya Shanga

Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa nguo za harusi, na kwa miaka arobaini alifanya kazi akiwa na pini mdomoni. Si moja wala mbili. Alizipanga kumi, kumi na tano, kati ya meno, vichwa nje, na bado aliongea. Atakupima kiuno, atakwambia umenenepa, atauliza hali ya mama yako, na papo hapo anachomoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye pindo bila kukugusa ngozi. Wateja wageni walimwogopea. Wa zamani walisema siku akimeza hata moja atajifungua cherehani.

Mimi ni mke wa mwanawe, na kazi yangu ni maabara. Nawatoa watu damu, naipaka kwenye kioo, naitazama kwa darubini na kuandika nilichokiona. Kwa sababu hiyo mama aliniita Mumiani tangu wiki ya kwanza ya ndoa, tena mbele za watu. "Karibuni," angewaambia wageni, "huyu ndiye mkwe wangu, Mumiani. Mkimsalimia mpeni vidole tu, mkono msimwachie." Nilinuna miezi miwili. Baadaye nilizoea, na sasa mtu akiniita kwa jina langu ndani ya nyumba ile najua nimeharibu kitu.

Tuliishi nyumba moja. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kilikuwa karakana yake: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kiwiliwili cha mbao kisicho na kichwa cha kuvishia magauni. Kiwiliwili hicho alikiita Mkwe Mwema, kwa kuwa hakijibu. Karibu kila mtu pale mtaani alikuwa na jina alilobandikwa na mama. Mwuza vitambaa wa kona ya pili, mzee wa watu aliyeng'oka meno ya mbele, alimwita Kibogoyo, na jina likamganda hadi wanawe wakawa wanaulizwa, "Baba Kibogoyo hajambo?" Mama hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo wake ulikuwa na soko.

Basi mwaka alipotimiza sitini na nane damu yake ilianza kupungua. Alikuwa akipanda vile vingazi vitatu vya mlangoni anasimama cha pili, anajifanya anatazama barabara. Midomo ilipauka. Nikamwambia afunue kope, ndani kulikuwa kweupe kama kitambaa alichokuwa anakikata.

Wateja wote walikuwa na jibu moja: mama huyu amekosa chuma. Mama akacheka. "Chuma? Mimi ninayeshinda na pini mdomoni? Nikikosa chuma mimi, nani anacho?"

Lakini alikubali. Tukamlisha maini mara tatu kwa wiki. Tukamlisha maharagwe, dagaa, mboga za majani asubuhi na jioni, mpaka akasema karibuni ataanza kulia mee. Wifi yangu, binti yake anayekaa mbali, alipiga simu kila Jumapili kuuliza kama amekunywa maji ya ile mizizi myekundu ya kuongeza damu. Daktari akampa vidonge vya chuma, na mimi nikawa askari wa vidonge hivyo, nasimama mbele yake mpaka ameze. Alimeza, akanitolea ulimi kunionyesha.

Miezi mitatu ikapita. Nikampima wingi wa damu mwenyewe. Alianza na tisa kasoro kidogo, wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na kumi na mbili au zaidi. Baada ya maini yote yale alikuwa na nane na pointi moja. Nikadhani mashine imekosea, nikarudia. Nane na pointi moja. Chembe nyeupe nazo, zile zinazopigana na magonjwa, zilikuwa zinapungua. Kilichoniumiza kichwa zaidi ni kwamba akiba yake ya chuma ilikuwa imejaa pomoni. Chuma alikuwa nacho cha kumtosha yeye na ukoo wake. Mwili ulikuwa haukitumii.

Halafu vikaja vidole.

Alianza kwa kusema miguu inakufa ganzi. Tukasema uzee. Kisha akasema vidole vya mikono navyo. "Nimevaa glavu," akaniambia siku moja, akijitazama viganja, "na hata sikuzishona mimi." Pini zikaanza kumdondoka. Uzi ukawa hautungiki. Asubuhi moja nilipita karakana nikaona tone jekundu kwenye satini nyeupe, halafu la pili, na yeye anaendelea kukunja pindo huku akiimba. Alikuwa amejichoma na hana habari. Nilipomshika mkono, alitazama kidole chake kwanza, kisha akanitazama mimi, na hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Mumiani," akasema, "mikono ikinikataa, mimi nitakuwa nani?"

Niliogopa, nasema ukweli, kuliko nilivyowahi kuogopa kwa mama yangu mzazi.

Sasa nije kwenye gundi. Ilikuwa Ijumaa mchana. Bibi harusi wa Jumamosi alikuwa njiani kuja kuchukua gauni, na shanga za shingoni, ishirini na tatu kwa hesabu, zilikuwa zinaning'inia kwa sababu vidole vya mama vilikuwa vimeshindwa kukaza uzi. Mama mwenyewe alikuwa amelala chumbani, hana nguvu hata ya kugombana. Mimi kushona sijui. Nikishona kifungo, shati linapata kilema. Nikafungua kopo lake kubwa la vifungo kutafuta msaada wowote, nikakuta chini kabisa mrija mnene, karatasi yake imebanduliwa mbele. Nikauminya. Ikatoka gundi nzito ya rangi ya waridi, inanukia mnanaa.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini gundi ya nguo inukie mnanaa. Mimi nilisema moyoni, siku hizi wamekuwa wastaarabu. Nikabandika shanga zote ishirini na tatu, zikashika vizuri sana. Bibi harusi akaja, akachukua gauni, akaondoka amefurahi. Nikajiona fundi.

Jumatatu asubuhi alirudi, na furaha hakuja nayo. Alisema alipokuwa amekaa, shanga zilikaa. Alipoanza kucheza na jasho kumtoka, shingo yote ilianza kuteleza, na shanga zikashika safari ya kuelekea kifuani moja baada ya nyingine. Moja aliipata bwana harusi kwenye keki. Akadhani jino lake limeng'oka, akaacha kutafuna na kujipapasa kinywa mbele ya wageni mia mbili. "Na nilikuwa nanuka kama peremende," akamalizia, karibu kulia.

Mama aliligeuza lile gauni shingoni. Akagusa ule utelezi, akanusa kidole. Akanusa tena. Kisha akainua macho taratibu akanitazama, na mimi nikatazama cherehani.

"Kosa ni langu, mwanangu," akamwambia bibi harusi. "Gundi imechacha. Niachie nitalitengeneza, na mwanao wa kwanza nitamshonea bure." Bibi harusi alipoondoka nilisubiri niitwe jina langu. Hakuniita chochote. Alininywesha chai yenye sukari nyingi, akaniuliza habari za kazini, kitu ambacho hajawahi kukiuliza. Ndipo nilipojua kuna jambo, maana mama mkwe hakupi sukari ya ziada bure.

Ule mrija nilikuwa bado ninao mfukoni. Nilipofika kazini nikauweka chini ya lenzi. Mbele mama alikuwa amebandua kila kitu, lakini nyuma, kwenye mkunjo, maandishi madogo yalibaki. Yalieleza kwamba upake kiasi kidogo sana kwenye meno ya bandia, mara moja kwa siku. Na kwenye orodha ya vilivyomo, cha tatu, kulikuwa na zinki.

Nikakaa chini. Mhudumu wa mapokezi akaniuliza kama nimeona malaria.

Nilichokiona kilikuwa somo la chuoni, moja ya yale tunayoyasoma kwa ajili ya mtihani kisha tunayazika. Mwili unahitaji zinki, na unahitaji shaba, vyote kidogo kidogo tu, chembe ambazo huzioni kwenye sahani. Lakini zinki ikizidi sana tumboni, shaba haipati njia ya kuingia. Na shaba ndiyo yenye ufunguo wa ghala la chuma. Unaweza kumlisha mtu maini mpaka ng'ombe waishe duniani, ufunguo ukikosekana, chuma kitakaa ghalani na damu itapungua. Mishipa ya fahamu nayo, bila shaba, inaanza kufa ganzi kutoka vidoleni. Kila kitu cha mama kilikuwa kwenye somo hilo.

Jioni nilipekua gunia la vipande vya nguo nikakuta mirija mitupu kumi na moja. Mmoja ulipaswa kumfikisha mtu wiki kadhaa. Yeye, kwa nilivyoweza kukisia, alikuwa anamaliza mitatu kwa wiki moja. Meno yake ya bandia bila shaka yalimkaa vizuri zamani, lakini fizi za mtu mzima husinyaa, na kila zilivyosinyaa yeye aliongeza gundi, kwa sababu meno yanayocheza hayawezi kushika pini kumi na tano huku yakimsema mtu.

Nilimzungukia mume wangu kidogo. "Mama ana meno mazuri," nikamwambia tukiwa tunakula.

"Sisi ukoo wetu wote hivyo," akajibu kwa majivuno. "Meno ni ya kurithi." Nikaendelea kula.

Utasema si umwambie tu mama. Wewe huna mama mkwe. Kuna mambo mtu humwambia mama mkwe, na kuna mambo huyasemi hata nyumba ikiungua, na meno yake ni ya fungu la pili. Halafu huyu ndiye aliyembatiza mwuza vitambaa Kibogoyo. Alijua vizuri jina kama hilo linavyosafiri, maana nauli alikuwa analilipia yeye. Angekufa na tai shingoni kuliko kulisikia likirudi. Ningeweza kwenda kumnong'oneza daktari. Nilifika mpaka mlangoni kwake mara mbili nikageuka, maana huko kungekuwa kumuuza mama nyuma ya mgongo wake, na asingehitaji mganga kumwambia nani amemuuza.

Kwa hiyo nilifanya walichofanya mabibi zetu. Nilisema kwa fumbo. Nilimkuta mezani anapigana na uzi na tundu la sindano.

"Mama, ile gundi ya shanga."

Hakuinua uso. "Ina nini?"

"Nimeisoma. Ina zinki."

"Zinki si ndiyo ya mabati?"

"Ndiyo hiyo. Kidogo haina neno. Lakini shanga zikipakwa nyingi, kila siku, mwaka mzima, inazuia shaba isiingie mwilini. Na bila shaba damu haitengenezeki, hata mtu ale reli nzima. Vidole navyo vinakufa ganzi."

"Vidole vya shanga?"

"Vya mwenye shanga, mama."

Akaweka sindano chini.

"Na mwenye shanga asipopaka gundi," akasema, "zitakaa?"

"Hazitakaa. Lakini kuna mafundi wa shanga. Watampima upya, watamtengenezea nyingine zinazokaa vizuri, gundi kidogo sana au hakuna kabisa."

"Muda gani?"

"Wiki nne hivi."

"Na hizo wiki nne mwenye shanga atembee shingo wazi mbele za watu? Na wateja? Na wale watoto wa mwuza vitambaa?" Akachukua tena sindano. "Hapana, Mumiani. Kuna watu hizo shanga ndizo heshima yao. Hebu nitungie uzi."

Nikamtungia. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyofanya, na mwanaharamu hakupita. Wiki iliyofuata alikosa hatua kwenye vile vingazi vya mlangoni kwa sababu hakuhisi mguu umefika wapi. Hakuvunjika kitu. Lakini daktari alipoona majibu mapya ya damu, alisema sasa anaogopa kansa ya damu, na Alhamisi atamchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kutoa uboho aupime. Mume wangu aliposikia neno kansa alitoka nje akaanza kuosha gari ambalo lilikuwa safi. Mama aliuliza tu aje saa ngapi. Nilijua anajua, na yeye alijua kwamba najua, na bado alikuwa tayari kutobolewa mfupa kuliko kufungua mdomo. Nilimkasirikia, kweli nilimkasirikia, na usiku sikupata usingizi kwa kumwombea.

Alhamisi nilimsindikiza mimi. Daktari alikuwa mtu mpole, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. "Mama, kabla ya sindano nataka nikuulize tena. Kuna dawa nyingine yoyote unatumia? Ya dukani, ya miti, ya kupaka?"

"Hakuna."

"Chochote kinachoingia mdomoni ambacho si chakula?"

"Pini," akasema mama.

Daktari akaandika.

Kule kwenye kona, muuguzi alikuwa ameshaanza kupanga sindano kwenye trei. Ile ya uboho ni ndefu. Mimi nimezizoea sindano, lakini ile sikuitazama mara mbili. Mama aliitazama, akaanza kufungua kifungo cha sketi, na vidole havikukipata. Alijaribu mara tatu. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Daktari," nikasema, "mimi nina meno ya bandia."

Wote wakanigeukia, muuguzi pia. Nikatoa ule mrija kwenye mkoba nikauweka mezani.

"Nayashikiza kwa gundi hii. Ina zinki, na mimi napaka nyingi, mirija mitatu kwa wiki. Mimi na mama tunatumia kikombe kimoja. Nafikiri zinki yangu imemwingia yeye, ndiyo inayomzuilia shaba. Naomba msimtoboe mfupa kabla hamjampima shaba."

Daktari akavaa miwani. Akausoma mrija mbele na nyuma. Akanisoma na mimi.

"Hebu tabasamu," akasema.

Nikatabasamu. Meno yangu, kwa faida yako usiyenijua, Mungu aliyapanga siku ana haraka. La mbele limempanda mwenzake mgongoni, la pembeni limetazama ukutani, na katikati pana mwanya wa kupitisha kalamu.

"Haya ni ya bandia?"

"Ndiyo."

"Yalitengenezwa yakiwa hivi?"

"Niliagiza hivi hivi," nikasema. "Ili watu wasishtukie."

Muuguzi akageukia dirisha. Kisha nikasikia kiti cha mama kinalia. Alikuwa anacheka. Alianza kwa mabega, akajizuia, ikashindikana, akacheka mpaka machozi, ameshika tumbo, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu damu ianze kumwisha.

"Daktari," akasema alipopata pumzi, "meno kama hayo nani angeyanunua?"

Akajifuta macho kwa pindo la mtandio. Halafu akatugeuzia mgongo, akatazama ukuta, na mkono ukaenda mdomoni. Ilichukua muda, gundi ilikuwa imeshika. Alipogeuka, uso wake ulikuwa mdogo, mashavu yameingia ndani, mtu mwingine kabisa. Aliyaweka meno yote, ya juu na ya chini, juu ya karatasi za daktari. Mimi nikainamisha kichwa.

"Tazama tu," akaniambia, na maneno yalitoka laini, yanapuliza. "Umeshasema uongo mbele ya daktari kwa ajili yangu, sasa utaogopa kutazama?" Akamgeukia daktari. "Huyu ana meno yake mwenyewe, maskini. Ya bandia ni haya. Na kikombe hatuchangii, hanywi chai yangu mpaka nimlazimishe."

Daktari hakucheka wala hakushangaa, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliuliza ni miaka mingapi, anapaka kiasi gani, ganzi ilianza lini. Mama alijibu yote. Muuguzi alirudisha ile sindano ndefu kabatini, akaleta ndogo ya kutolea damu, ipelekwe ikapimwe shaba na zinki. Daktari akasema gundi ikome leo, na kama majibu yatakuwa anavyodhani, atampa shaba kwa vipimo, na damu itarudi, haichukui miezi mingi.

"Na vidole?" mama akauliza.

Daktari akavua miwani. "Vidole ni mishipa ya fahamu, mama. Ikikaa na njaa muda mrefu, mingine hurudi, mingine hairudi. Ungeniletea meno haya miezi sita iliyopita, ningekuahidi. Leo siwezi kukuahidi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Alitazama mikono yake pale magotini, mmoja kisha wa pili, akaigeuza viganja juu. Kisha akanyoosha wa kulia akaushika wangu, mbele ya daktari na muuguzi, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya katika miaka kumi na mmoja ya kukaa nyumba moja.

"Nikikubana sana niambie," akasema. "Mimi sijui."

Alikuwa ananibana mno, pete yangu ya ndoa imezama kwenye nyama. Sikumwambia.